Kuijaza Starehe Bila Msaada wa Mtu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ilianza vizuri. Ikaharibika wakati wa chai.

Binti yetu alipiga simu. Wazazi wa mchumba wake wanakuja Jumamosi kutufahamu kabla ya mambo ya harusi kuanza. Baba mtu ni mwalimu mkuu mstaafu. Kwa maelezo ya binti, mzee huyo hajacheka tangu astaafu, na hata alipokuwa kazini alicheka kwa kibali maalumu. Mama mtu ni mchangamfu ila anaogopa maji. Nikamwuliza binti kama wanajua kuwa tuna boti. Akauliza kwa nini nauliza. Nikamwambia asihangaike, jana walinipigia simu kuomba siku na nimeshawaambia mwenyewe. Niliwaambia nimekulia majini, ziwa hili nalijua kama kiganja changu, na Jumamosi nitawavusha hadi kisiwani tukale chakula cha mchana kivulini.

Binti akaguna. Akasema, "Baba, nakuomba. Siku moja tu. Usinitie aibu."

Aibu! Mimi!

Sasa ukweli kidogo, maana shajara hii haisomwi na mtu. Nauza magodoro. Boti nilinunua mwaka jana. Inaitwa Starehe. Ndogo, nyeupe, ina viti vya watu sita na turubai la kivuli, na inalala kwenye gati letu wenyewe chini ya bustani. Kila jioni nashuka kuitazama. Katika mambo yote ya boti, kuitazama ndiko ninakokumudu zaidi.

Tatizo: tangi karibu kavu. Mshale wa mafuta umelala chali.

Mke wangu anasema jibu liko wazi. Pampu ya mafuta ipo ng'ambo ya ghuba, kwenye gati la hoteli. Boti zote hujaza pale. Unafika, unajaza, unarudi.

Siendi. Mwezi uliopita nilipokwenda, upepo ulinisukuma. (Nasisitiza: upepo.) Starehe ikaingia gatini kwa kasi kidogo, ikapanda juu ya mpira wa pampu, ikang'oa kamba ya mtu, ikaangusha viti vya hoteli majini. Wageni waliokuwa barazani wakasimama na kupiga makofi. Tangu siku ile, dada wa pampu akiniona hata kwa mbali anapiga yowe: "Kifaru huyo! Ondoeni viti!" Juzi ameniita hivyo dukani kwangu. Mteja alikuwa amelala juu ya godoro analijaribu. Akainuka mbio.

Halafu yupo jirani. Sisi tunamwita Kapteni, ingawa maisha yake yote alikuwa mpima ardhi. Ana kofia yenye nanga mbele. Boti yake inang'aa kama kijiko kipya. Dada wa pampu anamwita "Kapteni wangu". Kibaya zaidi ni kwamba ana roho nzuri. Sijawahi kupata sababu kubwa ya kumchukia, inabidi nijikimu kwa sababu ndogondogo.

Uamuzi: Starehe itajazwa hapahapa nyumbani. Mwenye gati lake ana haja gani na pampu ya mwingine?

Mke wangu ni karani wa mahakama. Aliniuliza, huku akikunja nguo, kama nina mpango au nina wazo tu. Nikasema nina mpango. Akataka nijibu ndiyo au hapana: je, mpango huo ulikuwepo kabla ya yeye kuuliza?

Nikaenda kuoga.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza: madumu.

Rahisi kupita kiasi. Unanunua petroli kwenye kituo cha magari, unaitia kwenye madumu, unaleta nyumbani, unashuka ngazi hadi gatini, unamimina. Nikashangaa kwa nini dunia nzima haifanyi hivi.

Sasa najua. Ngazi zetu za mawe ni nyembamba na kila moja ina urefu wake. Dumu lililojaa lina akili zake. Ukigeuka kulia, lenyewe linataka kushoto. Nilipofika chini na dumu la kwanza mikono ilikuwa imerefuka, naapa. Nikaketi juu ya dumu kupumua. Kapteni akanipungia mkono kutoka gatini kwake. Nikajifanya nimeketi kwa kupenda.

Kumimina sasa. Tundu la mafuta la Starehe liko upande wa nyuma, mbali na gati. Nikaweka faneli. Nikaweka mguu mmoja botini, mguu mwingine gatini, dumu kifuani kama mtoto mchanga. Nikaanza kumimina. Starehe ikaanza kuondoka.

Haikuondoka kwa haraka. Iliondoka taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. Mguu mmoja ukaenda nayo. Mwingine ukabaki. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri, na nilichofikiri ni kwamba nilipaswa kuifunga kamba ile ya nyuma.

Niliingia majini nikiwa wima, dumu nimeliinua juu ya kichwa. Jambo hilo naliandika kwa fahari. Ziwani haikumwagika hata tone! Yote ilikuwa imeshamwagika kwenye suruali.

Kapteni akanirushia kamba, kisha taulo. Taulo safi, iliyokunjwa. Akasema maji ya leo yanaonekana mazuri. Nikasema ndiyo, ndiyo sababu nimeingia.

Mke wangu hakuniruhusu kupita mlangoni. Suruali imefukiwa. Nimekula nje, upande ambao upepo unatoka ndani kuja kwangu. Nimejisugua kwa sabuni ya vyombo, kwa limau, kwa majivu. Yeye anasema bado nanuka kama gereji. Mimi mwenyewe sisikii kitu. Pua imegoma kabisa. Kahawa, sabuni, vitunguu, vyote kwangu ni sawa na hewa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Shemeji amekuja. Ndiye mdogo wake mke wangu, fundi wa mashine za kukata majani. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akasema kosa langu lilikuwa kubeba. Mafuta hayabebwi, shemeji, yanasukumwa. Akarudi alasiri na tangi la bati alilolichomelea magurudumu manne na mkono wa kusukumia. Tumelipa jina: Punda.

Nampenda sana shemeji. Ndiye mtu pekee katika familia hii anayeamini.

Kando ya ngazi kuna mteremko wa saruji tuliopitishia boti siku ilipoletwa. Unashuka moja kwa moja hadi gatini. Nikamtazama Punda, nikautazama mteremko. Nikaona hatari. Msifikiri sikuiona! Nikaenda dukani nikaleta godoro, nikaliegemeza mwisho wa mteremko ili limpokee Punda iwapo atatuponyoka. Tena si godoro la mabaki. Godoro letu bora, la springi.

Tukamjaza Punda. Tukafunga mfuniko. Tukaanza kushuka, mimi mbele nikimzuia, shemeji nyuma akimvuta. Baada ya hatua chache shemeji alipiga chafya.

Nikatembea mbele ya Punda. Kisha nikakimbia mbele ya Punda. Kisha, baada ya kutafakari, nikajitupa kwenye maua, nikampisha.

Punda alifika kwenye godoro kwa kishindo. Godoro likabonyea lote. Nikapiga kelele za furaha. Kisha springi zikafanya kazi ambayo sisi dukani tunaitolea dhamana. Punda akarushwa juu, akapita gati lote hewani, akatua ziwani upande wa pili wa Starehe.

Kwa muda mfupi niliona fahari. Lile ni godoro.

Punda hakuzama. Mfuniko ulishika, na petroli ni nyepesi. Alielea, magurudumu juu, akasukumwa na upepo polepole hadi gatini kwa Kapteni, ambaye alikuwa anakunywa chai na kusoma gazeti. Alimtazama Punda akifika. Akaweka kikombe chini. Akamvuta, akampangusa kwa kitambaa, akatuletea kwa boti yake, amefungwa kamba kwa fundo zuri mno.

Nikamwambia tulikuwa tunapima kama anaelea. Akasema anaelea vizuri sana. Akaongeza kwamba kesho anakwenda pampuni, angeweza kuivuta Starehe tukajaze pamoja, haimpi taabu yoyote. Nikamshukuru. Nikamwambia tumefikia hatua nyeti ya majaribio.

Mke wangu alikuwa dirishani, anaandika kitu kwenye daftari. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

USHINDI!

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu leo nimestahili.

Wazo lilinijia nikipiga mswaki. Dumu tulilibeba, tukaumia. Punda tulimsukuma, akaruka. Basi mafuta yaende yenyewe! Bustani yetu iko juu, gati liko chini. Weka pipa juu, shusha mpira hadi chini, fungua koki. Vitu hushuka vyenyewe. Hata mimi nimeshuka mara kadhaa wiki hii.

Shemeji alileta pipa lenye koki na mpira mrefu wa kijani. Tukaliweka pipa bustanini, chini kidogo ya baraza, tukahamishia humo petroli yote ya Punda na ya madumu. Mpira tukautandaza kwenye majani hadi gatini. Ulikuwepo mpira mwingine pale, wa mke wangu wa kumwagilia, nao wa kijani, unaotoka kwenye bomba la maji. Alikuwa anajiandaa kuosha viti vya barazani kwa ajili ya wageni. Shemeji akaisogeza mipira yote ili njia ionekane safi. Ana nidhamu ya kazi, kijana huyu.

Nikashuka gatini. Safari hii nilifunga kamba zote, hata zisizo na kazi. Nikaokota mpira, nikauingiza kwenye tundu la mafuta, nikaketi kwenye usukani nikiutazama mshale. Nikampigia shemeji kelele afungue koki. Akajibu amefungua.

Kwanza kimya. Kisha mpira ukatikisika. Kisha nikausikia ule wimbo: glu, glu, glu! Mshale ukainuka. Ukapita robo. Ukapita nusu. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema. Nilikuwa nimetengeneza kituo cha mafuta nyumbani kwangu, bila kelele, bila viti vya kuondoa, bila mtu kuniita mnyama.

Mshale ulipogusa mwisho, mafuta yakakatika yenyewe. Wakati uleule! Pipa limekwisha sawasawa na tangi lilipojaa. Hesabu ya namna hiyo si ya kawaida. Ni kipaji.

Nikapanda juu nikiimba. Mke wangu alikuwa amesimama barazani na mpira mkononi, amekasirika. Alikuwa amefungua bomba, amesubiri, na maji hayakuja hata tone, basi amelifunga na sasa inambidi aoshe viti kwa ndoo. Nikamwambia siku hizi maji yanatoka kwa mashaka mtaa mzima. Nikambusu. Akanisukuma, akasema bado nanuka gereji.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya usafi. Nimeisugua Starehe hadi nikajiona. Nimewasha injini mara moja kuisikiliza. Ikanguruma! Nikaizima haraka, nisipoteze mafuta.

Shemeji alikuja kuchukua pipa lake. Akasema ni zito ajabu, hawezi hata kulitingisha. Nikamwambia mapipa ndivyo yalivyo. Akasema hapana, shemeji, ni kama halijapungua. Nikamweleza kwa upole kwamba juzi alipiga chafya na bado ana uchovu. Pipa tumeliacha palepale.

Kuna watu hawawezi kuamini kitu kizuri hata kikiwa mbele ya macho yao.

Kapteni alipita na boti yake akitoka pampuni. Akauliza nimejazaje. Nikamwambia ninao utaratibu wangu. Akavua kofia. Akavua kofia yake kwa ajili yangu! Nimekula vizuri sana usiku huu.

Binti na mchumba wake wamefika jioni. Kijana ni daktari wa mifugo, mpole, anacheka kwa haya. Alinivuta pembeni akaniambia baba yake anapenda mambo yaende kwa mpangilio. Nikampiga bega. Nikamwambia nyumba yake ndiyo hii.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nitaandika yote.

Wakwe walifika asubuhi. Mkwe mwanamume amevaa tai. Ziwani, na tai! Alinisalimu kama anayeita majina ya wanafunzi. Botini akakagua majaketi ya kuokolea, moja moja, akavuta kila mkanda. Mkwe mwanamke alishika kiti kwa mikono miwili tungali tumefungwa gatini, akafumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Binti alikaa katikati ya mchumba wake na mama yake, kikapu cha chakula magotini. Kapteni, kutoka kwake, akauliza kama tungependa atufuate kwa mbali. Nikamjibu kwa sauti ili wakwe wasikie: asante, jirani, leo pumzika.

Nikawasha. Starehe ikanguruma. Tukaondoka gatini bila kugusa kitu! Nikaanza kuwaeleza wakwe tabia za ziwa. Nilikuwa nimefika kwenye habari za upepo nilipoona mkwe mwanamke amefungua jicho moja. Mke wangu akaniangalia kwa namna ambayo sijaiona tangu tufunge ndoa.

Tulipofika mbele ya hoteli, injini ikakohoa. Ikakohoa tena, kama mzee anayetaka kusema jambo. Kisha ikanyamaza.

Nikawaambia hapa huwa tunasimama kidogo kutazama mandhari. Mkwe mwanamume akauliza mandhari gani. Nikamwonyesha hoteli.

Nikageuza ufunguo. Kimya. Nikapiga injini kofi. Kimya. Nikatazama mshale: umejaa pomoni! Nikageuka, nikamwona binti yangu. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtoto anayeona keki yake inaanguka na haijafika bado chini. Naandika ukweli: hapo nilijisikia vibaya sana. Si kwa ajili ya boti. Nilimwona mzee yule wa tai akirudi kwake na kusema, kwa mpangilio, kwamba familia ile haifai. Na kijana ni mzuri, na binti yangu anampenda, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ufunguo.

Upepo, adui yangu, ukaanza kutusukuma. Kuelekea wapi? Kwenye gati la hoteli. Ningefanya nini?

Dada wa pampu akatuona. "Kifaru huyo! Kifaru! Ondoeni viti!"

Wahudumu wakakimbia na viti. Wageni wote barazani wakasimama. Mkwe mwanamke akauliza kifaru yuko wapi.

Lakini bila injini, Starehe haikuwa na haraka. Ilikwenda ubavuubavu, taratibu, ikajilaza kwenye matairi ya gati bila hata mtikisiko, kama mama anavyomlaza mtoto kitandani. Nilirusha kamba. Ikaingia kwenye nguzo mara ya kwanza. Baraza zima likapiga makofi! Ya kweli safari hii!

Dada wa pampu alinikodolea macho. "Leo umefundishwa na nani?"

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ingeishia hapo ingekuwa siku kubwa maishani mwangu. Lakini akauliza kama ajaze. Nikasema tangi limejaa. Akauliza, kama limejaa, mbona injini imekufa? Wakati huo Kapteni alikuwa ameshafika na boti yake, na kamba, na zana. Alikuwa ametutazama tangu mwanzo, akaona tunakwenda upande upande. Akaingiza kipampu cha mkono kwenye tangi letu, akavuta mafuta kidogo, akayatia kwenye chupa nyeupe, akampa dada wa pampu.

Dada akanusa. Akainua chupa juani. Akanusa tena.

"Haya ni maji," akasema. "Tena masafi. Unaweza kupikia chai."

Nikasema wale wa kituo cha magari wameniuzia maji, na nitawashtaki. Hapo mke wangu akasimama. Akatumia sauti ile ya mahakamani.

"Alhamisi nilifungua bomba, maji hayakutoka. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, lakini mtaa mzima..."

"Na nilipolifunga, ndipo na wewe mafuta yako yakakatika. Wakati uleule."

"Kwa bahati nzuri, ndiyo."

"Mpira uliokuwa umeushika wewe ulikuwa wa rangi gani?"

"Kijani."

"Na wangu?"

Gati zima lilikuwa linasubiri. Hata mpishi wa hoteli alikuwa ametoka na mwiko wake. Na pipa letu, lililojaa petroli, lilikuwa bustanini, halijapungua hata kikombe. Mpira wake ndio aliokuwa nao mke wangu barazani, na mafuta hayapandi. Hata shemeji anajua.

Kisha nikasikia sauti ya ajabu. Kama mlango wa zamani unafunguliwa. Nikageuka. Mkwe mwanamume amekunja uso, mabega yanatikisika, amevua miwani. Nikadhani amepatwa na jambo. Mtoto wake daktari akamkimbilia. Mzee akamzuia kwa mkono. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi akaketi kwenye nguzo ya kufungia boti. Alilegeza tai. Akajaribu kusema "kupikia chai", akashindwa, akaanza upya.

Alipopata pumzi akaniambia, mbele ya wote, kwamba yeye mwaka jana alitaka maji ya moto ya kuogea bila kutumia umeme. Akapanga mapipa meusi juu ya dari, jua liyapashe kupitia bati. Yalipata moto vizuri. Ila dari ilishuka nayo sebuleni, na mkewe alikuwa na wageni.

Mkwe mwanamke akang'aka: "Tulikubaliana hilo halitasemwa mbele ya watu!" Kisha naye akaangua kicheko, akamshika mke wangu mkono, na wanawake hao wawili wakaanza kusimuliana mambo ambayo nisingependa kuyaandika. Nilisikia neno "Punda" likitajwa mara nyingi.

Kisiwani hatukufika. Tulikula kwenye baraza la hoteli, chakula chetu wenyewe, na dada wa pampu akatuletea sahani. Kapteni tukamkaribisha. (Mke wangu alimkaribisha.) Mambo ya harusi yakazungumzwa na kumalizwa kabla ya matunda. Binti akaja nyuma ya kiti changu, akanikumbatia shingoni, akasema, "Baba, asante." Sikuuliza asante ya nini. Mtu akikushukuru, pokea.

Kapteni alituvuta hadi nyumbani kwa kamba. Mkwe mwanamke alikaa mbele kabisa, upepo usoni, akiimba. Alikuwa amesahau kuogopa maji.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Wageni wameondoka. Wakwe wameaga vizuri sana, na mzee alinishika mkono kwa muda mrefu.

Kapteni na shemeji wametoa maji tangini na kukausha kila kitu. Nilisimamia. Wote wawili wananiambia neno moja: pampu iko palepale ng'ambo. Dada wa pampu naye ametuma salamu kupitia Kapteni, kwamba viti sasa vitabaki mahali pake na nitapokelewa kama watu wengine. Nimeguswa.

Baada ya chai mke wangu aliniketisha mezani. Akataka kiapo. Akanisomesha maneno yeye, nami nikayarudia, mkono juu. Kwamba sitabeba mafuta kwenye ngazi. Kwamba sitayasukuma kwenye mteremko kwa chombo chochote chenye magurudumu. Kwamba sitayashusha kwa mpira, wa kijani wala wa rangi nyingine yoyote. Kwamba pipa litarudi kwa shemeji leo. Niliapa kwa moyo mweupe. Nilimaanisha kila neno. Wiki hii imenifundisha mengi, na mtu mzima hujua pa kuishia.

Jioni simu ikalia. Mkwe mwanamume. Alikuwa ananong'ona, maana mkewe yuko chumba cha pili. Akasema tangu jana hajatulia. Alikuwa amelitazama eneo langu kwa makini sana, na akashangaa kwamba mtu mwerevu kama mimi hakuliona jambo lililo wazi. Baraza letu liko juu. Gati liko chini. Katikati hakuna mti. Unavuta waya mmoja imara kutoka barazani hadi kwenye nguzo ya gati, unatundika kapi, unaning'iniza dumu, na dumu linapita juu ya bustani nzima bila kugusa ardhi. Ameshachora. Kwa rula.

Nikamwuliza litasimamaje likifika. Akasema hilo ni dogo, tutaliona litakapokuwa njiani.

Mzee huyu! Na watu wanasema hacheki!

Nimekipitia kiapo neno kwa neno. Ngazi zimo. Magurudumu yamo. Mpira umo, pipa limo. Angani hakumo. Miaka yote hiyo mahakamani, na mke wangu amesahau anga!

Mkwe anakuja Jumamosi na waya. Wake zetu tumewaambia tunapanga harusi.